Hana hati, anapigwa: maswali tunayoulizwa Lubumbashi kuhusu wanawake wageni

Wengi wanaotuuliza maswali haya si wanawake wanaopigwa. Ni majirani wa lupango (yadi ya nyumba), mama wa kanisa, shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, aliyeamshwa usiku, na mara moja dereva wa teksi aliyembeba mtu anayevuja damu na akakataa nauli. Mwanamke mwenyewe huja mwisho, na mara nyingi huja na swali moja tu: «Watanifukuza?» Tumejibu hapa jinsi tunavyojibu tukiwa tumekaa naye.

Mnamzungumzia mwanamke gani hasa?

Yule unayemjua tayari. Aliolewa kutoka Kitwe au Ndola, akaingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa kwa kibali cha siku chache, na siku hizo ziliisha miaka sita iliyopita. Au ni Mtanzania aliyemfuata dereva wa lori akaachwa Kampemba, sehemu ya mji huu, na watoto wawili. Au Mwangola, au Mrundi, ambaye karatasi yake ya ukimbizi ilichakaa na haikufanywa upya. Kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Zambia ni kilomita 90 hivi, na Kibemba kinasemwa pande zote mbili. Kwa hiyo anauza mboga, anakunywa munkoyo na wenzake, anaingia likelemba, mchango wa pesa wa kupokezana kwa zamu (Zambia wanaiita chilimba), na hakuna anayekumbuka kwamba ni mgeni. Anayekumbuka ni bwana yake, siku anayotaka kumnyamazisha.

 

Bwana anamwambia: «Ukienda polisi, nitaita DGM, utafukuzwa kesho.» (DGM ni ofisi ya uhamiaji.) Ni kweli?

Hili ndilo swali kubwa, tutakaa nalo kidogo.

Tunapokaa na mwanamke tunachukua karatasi mbili tupu, tunaziweka mezani. Ya kwanza ni ya kipigo. Ya pili ni ya hati. Bwana amezibana kwa pini moja, na kazi yetu ya kwanza ni kuichomoa hiyo pini.

Karatasi ya kipigo: sheria ya jinai ya Kongo inasema kosa lililotendwa katika nchi hii linaadhibiwa kwa sheria ya nchi hii. Inatazama kosa limetendeka wapi. Haiulizi aliyepigwa ana pasipoti ya rangi gani. Kifungu cha 46 kinamwadhibu anayempiga mtu kwa kusudi, na kifungu cha 47 kinaongeza adhabu hadi kati ya miaka 2 na 5 ikiwa kipigo kimemletea ugonjwa au kimemfanya ashindwe kufanya kazi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 16, inasema binadamu ni mtakatifu na Serikali ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Imesema binadamu. Haikusema raia.

Wakili wa bwana akiwa mjanja atakuletea kifungu cha 32, kinachosema mgeni aliyeko nchini kihalali analindwa, yeye na mali yake. «Kihalali», atarudia, huku akiinua kidole. Mwache ainue. Kifungu hicho hakikufuta cha 16, wala hakikumpa mtu yeyote ruhusa ya kumvunja mkono mke wake kwa sababu viza imeisha.

Karatasi ya hati: kukaa nchini bila kibali ni kosa kweli, na ofisi inayohusika ni DGM. Lakini bwana si DGM. Hana mamlaka ya kumfukuza mtu nchini. Na mara nyingi ni yeye aliyeahidi kushughulikia kibali cha mkewe, mwaka hadi mwaka, na hakufanya.

Kwa hiyo hatari ya hati haipo?

Ipo. Hatutamdanganya mtu. Polisi anaweza kuuliza hati, na wako watakaoona mgeni kabla ya kuona jeraha, au wataona mfuko wake. Ndiyo maana hatumpeleki mwanamke peke yake. Anaenda na mtu mzima anayejulikana, mwenye kitambulisho, na ikiwezekana na wakili, au avoka kama tunavyosema hapa. Akiulizwa hati, jibu ni fupi: «Hati zangu anazo bwana, naomba hilo nalo liandikwe.» Polisi haruhusiwi kumweka mtu mahabusu zaidi ya saa 48, ni kifungu cha 18 cha Katiba. Na faini halali ina risiti. Pesa inayoombwa bila karatasi si faini.

Aanzie polisi au hospitali?

Hospitali. Tunasema hivi kila mara na kila mara watu wanashangaa, kwa sababu wamezoea kuambiwa «lete kwanza karatasi ya polisi». Ni kweli kwamba kwa kesi daktari huandikiwa rekizisyo, yaani barua ya polisi au ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) inayomtaka apime na kuandika. Lakini damu haingoji rekizisyo. Atibiwe kwanza, barua itafuata.

Kama amebakwa, saa zinahesabiwa. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inaanzwa ndani ya saa 72, tena mapema iwezekanavyo, na inamezwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba hufaa hadi saa 120, yaani siku tano, na nayo kadiri unavyowahi ndivyo bora. Asioge kabla ya kupimwa kama anaweza kuvumilia. Akishaoga, aende vilevile, asirudi nyumbani kwa aibu. Nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi au kitenge kikavu, si kwenye sashe ya plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki zinaoza na ushahidi unaoza nazo.

Wanatuuliza pia kama bwana anaweza kushtakiwa kwa ubakaji. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 ilipoeleza ubakaji haikuandika popote kwamba mume amesamehewa. Adhabu ni kuanzia miaka 5 hadi 20. Kuishinda kesi kama hiyo ni jambo lingine, na avoka mzuri atamweleza mwanamke ugumu wake kabla hajaifungua.

Kuna neno moja la kumwomba daktari: aandike ni siku ngapi mama huyu hawezi kufanya kazi. Rudi juu usome tena kifungu cha 47. Cheti kinachosema «majeraha» tu kinaibakiza kesi kwenye kifungu cha 46, ambacho kwa kipigo cha kawaida kinaanzia siku 8 na kuishia miezi 6. Cheti kinachosema «mkono umevunjika, hatafanya kazi kwa wiki tatu» ni habari nyingine kabisa. Sentensi moja ya daktari, na watu wanasahau kuiomba.

Polisi wameandika, amesaini. Tumemaliza?

Kabla hajasaini, asomewe. Kwa lugha anayoielewa.

Tulijifunza hili vibaya. Mama mmoja wa kutoka upande wa Zambia alieleza kwa Kibemba, jirani akatafsiri kwa Kiswahili, mwandishi wa polisi akaandika PV, yaani karatasi ya maelezo, kwa Kifaransa. Alisema, «Alinisukuma, nikaangukia mbabula.» Mbabula, yaani jiko la makaa, ulikuwa umewaka, bukari (ugali) ilikuwa jikoni, mkono wake ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko. Lugha tatu baadaye, karatasi ilisema aliangukia moto. Neno «alinisukuma» lilipotelea njiani. Hakuna aliyelitoa kwa makusudi, nadhani, lakini alikuwa ameshasaini, na bwana akaja kulishikilia hilo hilo: aliteleza mwenyewe. Ilituchukua wiki nyingi kurekebisha.

Sasa tunafanya hivi. Tunaomba mkalimani ambaye si ndugu wa bwana. Tunaomba PV isomwe sentensi kwa sentensi. Tunauliza: «Nani alifanya?» Kila tendo liwe na mtendaji. Kisha tunaandika kwenye daftari letu namba ya faili, tarehe na jina la aliyeandika.

Familia ya bwana imeleta mbuzi na kreti za bia. Wanataka tumalize nyumbani.

Tunaheshimu wazee. Kwa mgeni, baraza la familia lina kasoro moja ambayo wenyewe hawaioni: upande wa pili haupo. Bwana ana wajomba wanne kwenye viti. Mke ana nani? Mama yake yuko Luanshya, na simu yake haina chaji. Hicho si kikao cha pande mbili. Kama lazima kikao kifanyike, akae mtu upande wake, na kisifanyike katika lupango la bwana.

Kwa unyanyasaji wa kingono hakuna mjadala. Sheria namba 06/019, ya tarehe ile ile ya Julai 2006, inakataza kesi hizo kuzimwa kwa kulipa faini ya maelewano, na inataka uchunguzi wa awali uishe ndani ya mwezi mmoja. Mwezi huo huwa mrefu sana hapa kwetu, lakini avoka anayeutaja kwa barua husikilizwa haraka kuliko anayelalamika kwa mdomo.

Pasipoti yake anaishika bwana.

Karibu wote. Mmoja aliweka ya mkewe kwenye sanduku la spana la lori, ikasafiri naye hadi Kolwezi na kurudi kila wiki.

Usimtume mwanamke kwenda kuitafuta usiku. Pasipoti ni mali ya Serikali iliyoitoa, na inaweza kutolewa nyingine. Mwili hautolewi mwingine. Akiweza, siku bwana hayupo, apige picha ukurasa wa jina na ukurasa wa mhuri wa kuingilia, aitume kwa mtu anayemwamini, kisha aifute kwenye simu yake. Namba ya pasipoti peke yake inarahisisha kazi kwa ubalozi. Kama hakuna hata namba, cheti cha ubatizo, kadi ya shule ya zamani, picha na shangazi yake mbele ya nyumba: vyote vinasaidia kuonyesha yeye ni nani.

Na pesa zake?

Hapa kuna mtego ambao tuliuchelewa kuuona. Mtu asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo laini ilisajiliwa na bwana. Na pesa za mboga, za likelemba, za kushona, zote zimo kwenye simu hiyo. Siku anayotoka, bwana anakwenda kwa wakala na kitambulisho chake, anaomba laini ibadilishwe, na akiba ya miaka mitatu inaingia mfukoni mwake bila kumgusa mtu. Kila kitu kihalali machoni pa kampuni.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, pesa zitoke kwenye simu kwanza, kidogo kidogo, zisiishtue nyumba. Zikae kwa mama wa likelemba mwenye daftari na mashahidi. Zamu yake ya kupokea ikikaribia, wenzake wanaweza kuisogeza mbele. Tumeona wakifanya hivyo bila hata kuuliza sababu. Na risiti ya cherehani, ya friji, ya mabati, azitoe kwenye nyumba mapema kuliko nguo.

Ndoa yao haikuandikishwa komini (ofisi ya serikali ya sehemu ya mji). Mali, yaani mahari, walitoa, karamu ilifanyika. Je, yeye ni mke?

Kwa jamaa, ndiyo. Kwa ofisi, ndoa ya kimila inatakiwa kuandikishwa, na isipoandikishwa ni vigumu sana kudai chochote kama mke. Hapo risiti tulizotaja zinafanya kazi ya cheti: anadai cherehani kama mwenye cherehani. Na kesi ya kipigo haihitaji cheti cha ndoa.

Wengine wanadhani kinyume, kwamba kwa kuolewa na Mkongomani amekuwa Mkongomani. Hapana. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inataka miaka saba ya ndoa kabla hata ya kuomba, na kuomba si kupewa.

Watoto je? Bwana anasema ni wake kwa sababu mama ni mgeni.

Sheria hiyo hiyo ya 2004 inasema mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkongomani ni Mkongomani tangu kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto ni raia, sawa. Lakini uraia wa mtoto haumnyang'anyi mama mtoto. Watakapogombana juu ya nani akae naye, mahakama ya watoto, iliyowekwa na sheria ya tarehe 10 Januari 2009, inapaswa kutazama faida ya mtoto, si pasipoti ya mama.

Mambo mawili ya vitendo. Mtoto anaandikishwa komini ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama, na safari inakuwa ndefu. Tumeona mabwana wanaokataa kuandikisha makusudi, ili mtoto asiwe na karatasi yenye jina la mama. Pili, mama asikimbilie mpakani na watoto bila karatasi zao na bila ushauri wa avoka. Watamsimamisha Kasumbalesa, na usiku huo huo atageuzwa kutoka mlalamikaji hadi mwizi wa watoto.

Ni mkimbizi, na karatasi ya familia iko kwa jina la bwana.

Hili linatibika kuliko watu wanavyodhani. Sheria namba 021/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 ndiyo inayosimamia wakimbizi, na tume inayohusika ni CNR. Mwanamke anaweza kuomba asikilizwe peke yake, bila bwana chumbani, na aombe faili lake mwenyewe. Akisema kwamba anakimbia kipigo, hiyo haifuti ukimbizi wake wa mwanzo. Na ambaye hajawahi kuomba hifadhi, lakini akirudi kwao maisha yake yatakuwa hatarini, aseme hivyo wazi, mapema, kabla ya mtu mwingine kuanza kuzungumzia kumrudisha. Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini.

Aliletwa kwa ahadi ya kazi ya mgahawa, sasa amefungiwa.

Basi huenda si ugomvi wa nyumbani tena. Desemba 2022 Kongo ilitunga sheria dhidi ya biashara ya kusafirisha watu. Aliyeletwa kwa uongo na kufanyiwa hivyo ni mhanga. Msimpeleke kwenye ofisi yoyote kabla ya avoka kusikiliza hadithi yote tangu siku ya kwanza: nani alilipa basi, nani alichukua hati, deni gani aliambiwa analo.

Anataka kurudi kwao tu.

Ni haki yake, wala si kushindwa. Zambia ina ubalozi mdogo hapa Lubumbashi. Ubalozi unaweza kumtambua raia wake na kumpa hati ya dharura ya kusafiria. Kabla hajaondoka, aache maelezo yake kwa avoka kwa maandishi, ili kesi isife siku anapovuka. Na apigie kwao kwanza. Tulimsindikiza mmoja kwa furaha hadi kwa basi, kumbe kaka aliyekuwa anamngoja ndiye aliyeila mali ya posa na alikuwa hana nia ya kuirudisha. Alirudishwa kwa bwana ndani ya mwezi mmoja.

Nimpokee kwangu?

Usiku mmoja, ndiyo, kama bwana hakujui. Kama anakujua, mpeleke kwa mwingine. Hili ndilo kosa letu wenyewe: tuliwahi kumweka mama mmoja kwa rafiki yetu mwema kabisa, bila kuuliza kwamba shemeji wa rafiki huyo anakunywa bia meza moja na bwana. Siku ya tatu bwana alikuwa mlangoni. Sasa swali la kwanza kwa mwenyeji si «una nafasi?» bali «nani huja kwako Jumapili?»

Shefu wa avenyu aambiwe? Inategemea shefu. Wapo waliosimama mlangoni kwa panga la bustani hadi asubuhi. Wapo ambao habari ikiwafikia saa nne, saa sita bwana anayo.

Amerudi kwa bwana. Tumechoka naye.

Wengi hurudi, wengine mara tatu au nne. Huko nje hana laini, hana hati, hana mama. Ndani ana angalau paa. Usimwambie «nilikuambia». Endelea kununua mboga zake. Picha ya pasipoti uliyotumiwa, itunze.

Mimi si mwanasheria. Nikimsindikiza nifanye nini?

Kaa naye kwenye benchi. Kuna kungoja kwingi, na wengi wanakata tamaa kwenye benchi, si mbele ya hakimu. Leta maji, mkate, nepi kama ana mtoto, daftari na kalamu mbili, maana moja itaombwa na mwandishi na haitarudi. Usizungumze mahali pake isipokuwa amekuomba. Akilia mkiwa ndani, omba dakika tano, mtoke nje, kisha mrudi. Na simu yako iwe na chaji, kwa sababu yake mmeshaizima tangu asubuhi.